Siku ya malipo, simu zote zinaita pamoja

Bungulu, Beni – Malipo ya msaada yakipitia simu, familia za wakimbizi wa ndani zinajua mapema siku itakavyokuwa. Ujumbe unafika, kila mtu anapiga namba kwa wakati mmoja, rezo inakatika katikati. Mama aliyekatwa anapiga tena, na tena, kisha anamwazima jirani simu ile ile. Watu 100 wakipiga kila mmoja mara 6, kompyuta inayopokea inaona maombi 600.

Mafundi wa programu wana njia ya kuigiza siku kama hiyo kabla haijafika. Wanaiandika kwa lugha ndogo iliyotungwa kwa kazi hiyo tu. Mojawapo ni Gatling, ya Wafaransa, iliyojulikana tangu mwaka 2012. Fundi anaandika: waingie watu 10 kila sekunde, wangoje kidogo, wakishindwa wajaribu tena hadi mara 5. Mashine inawatuma watu hao wa uongo, inapima majibu yanachelewa kiasi gani.

Lugha hiyo inatofautisha namna mbili za kufika. Kuna mlango wenye mlinzi: mmoja akitoka ndipo mwingine anaingia. Na kuna barabara: watu wanazidi kuja hata kama waliotangulia hawajamaliza. Siku ya malipo ni barabara. Fundi akiipima kama mlango, mashine ikichoka na watu wake wa uongo wanapunguza mwendo, basi anaona majibu mazuri mezani. Huku Bungulu watoto wanalala njaa.

Kinachomsumbua anayetunga lugha ya namna hii ni kuchagua maneno ya kuweka ndani. Neno la kurudia lipo. Je, la simu moja ya kaya tatu? La chaji inayoisha mtu akiwa katikati ya namba ya siri? La kartié nzima iliyongoja rezo irudi jioni, ikapiga saa ile ile? Fundi hodari anaweza kuyaunda kwa kuunganisha maneno mengine, lakini lazima kwanza ayasikie, naye mara nyingi yuko mbali sana na Beni.

Wa kumwambia ni hao wanaopanga mstari. Mlirudia mara ngapi? Baada ya dakika ngapi? Simu moja ilitumiwa na watu wangapi? Majibu hayo ni hesabu, na hesabu zinaingia kwenye jaribio kama zilivyo.