BUNDUKI YA NG'OMBE 12 YACHEMSHA NYARUGUSU

Msomaji, kama hujafika Nyarugusu, kule Geita, basi vumbi hulijui. Nilitoka Dar na basi, nikalala Shinyanga mjini, asubuhi nikadandia Haisi ya Kahama, nikaunga hadi Kakola unakopatikana mgodi wa Bulyanhulu, halafu bodaboda. Nilipofika kwa mjomba nilikuwa mwekundu kama tofali.

Mjomba ana makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu. Huku ukiwa na karasha watu wanaamini una hela chini ya godoro, na wengine huja usiku kuhakikisha. Ndiyo maana aliuza ng'ombe 12, akahangaikia kibali cha polisi miezi kibao, akanunua shotigani ya pampu, mpyaa, kutoka duka moja la Dar. Ng'ombe 12! Kwa Wasukuma hiyo ni mahari, bwana.

"Mpwa wangu, hii ndiyo kiboko yao," aliniambia huku akiifuta kwa kanga ya mkewe.

Jumapili tukaenda porini kuijaribu. Debe juu ya kichuguu, hatua 40. Paa! Debe limetulia. Paa tena! Tulipokwenda kutazama, marisau mawili tu ndiyo yaliyoligusa, mengine yamekula majani upande wa kushoto. Najua mtutu wa shotigani ni laini ndani, hivyo marisau hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali. Sawa, lakini kutawanyika ni jambo moja, kwenda kushoto ni jingine. Risasi ya tano ikagoma kabisa: ganda la ile ya nne limeng'ang'ania, mjomba akalichokonoa kwa kisu.

Mzee mmoja wa sungusungu alikuwa anapita na upinde wake. (Sungusungu walianzia huku Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakipambana na wezi wa ng'ombe.) Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Na filimbi mnayo?" Mjomba akanuna.

Jumanne usiku wakaja. Mbwa wakabweka, tochi zikamulika kwenye makarasha. Mjomba akatoka, akafyatua moja hewani. Akavuta pampu. Kimya. Ganda tena! Nilimwona akihangaika nayo gizani, na mimi nyuma ya mlango jasho linanitoka, mtoto wa mjini nimekwisha. Aliyetuokoa ni mke wa mjomba. Alipuliza filimbi, ikajibiwa ya pili, ya tatu, kitongoji kizima kikaamka. Jamaa wakaingia mitini.

Niliporudi Dar nikaenda kule dukani. Muuzaji akauliza: "Huwa anavuta pampu mpaka mwisho? Akivuta nusu kwa woga, ganda halitoki."

Nikamwambia Jumapili hakukuwa na jambazi, palikuwa na debe tu. Na kule kushoto je? Akageukia mteja mwingine.

Mjomba ananipigia simu kila siku kuuliza dukani wamesemaje. Namwambia bado wanaangalia. Lile neno la woga sijamfikishia.