Datsun 240Z na Kupanda kwa Thamani ya Magari ya Spoti ya Zamani: Kumbukumbu ya Mombasa

Thamani ya gari la spoti la zamani, yaani gari la mwendo wa kasi ambalo kiwanda kimekwisha kuacha kuliunda, hutokana na mambo matatu: uchache wa yaliyosalia, historia inayothibitika, na hamu ya watu waliolitamani ujanani na sasa wana uwezo wa kulinunua. Katika kisiwa cha Mombasa mambo hayo yalichelewa kukutana, hata magari mengi yakaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya mtu yeyote kufikiri kwamba yangekuja kutafutwa.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alikuwa kijana wa Mji wa Kale katika miaka ya 1970, wakati ambapo gari la namna hiyo halikuwa na nafasi katika vichochoro vya Kibokoni, ambamo hata mkokoteni ulipita kwa shida, lakini lilitawala mazungumzo ya barazani kila msimu wa Pasaka, yalipofanyika mashindano ya magari yaitwayo Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953. Lililosifiwa zaidi lilikuwa Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4, ambalo lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Sifa hizo hazikupandisha bei. Hewa ya bahari iliyobeba chumvi ilikula mabati ya sakafu na milango, spea ziliadimika, na baada ya soko kufunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yalishushwa kwa wingi katika bandari ya Kilindini, yakiwa na nafasi ya kubeba jamaa na mizigo, jambo ambalo gari la spoti halikuliweza. Mwandishi aliyashuhudia magari kadhaa yakifunguliwa kabureta na giaboksi ili zitumike kwingine, na mabodi yake yakiuzwa kwa kilo.

Mtazamo ulianza kubadilika baada ya mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa yameanzia au kumalizikia Mombasa na kuwaleta madereva wa ng'ambo waliogharimia pakubwa magari yale yale yaliyodharauliwa hapa. Wakati huohuo, kanuni ya Kenya inayozuia kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane imefanya iwe vigumu kujaza pengo la yaliyopotea. Nchini Marekani, Datsun 240Z, ambayo mwaka 1970 iliuzwa mpya kwa dola 3,526, ilifikia dola 310,000 katika mnada wa Januari 2020.

Hata hivyo, bei hiyo isimpumbaze mwenye gari kuukuu uani, kwa maana gari lile la mnadani lilikuwa limebaki karibu kama lilivyotoka kiwandani. Wanunuzi wa aina hiyo hulipia kwanza uasilia, yaani kulingana kwa namba ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa kiwandani, kisha kumbukumbu za umiliki na matengenezo. Gari lililozibwa kutu kwa pati na kutiwa injini ya pikapu linaweza kung'aa kwa rangi mpya na bado likakosa thamani hiyo.

Kwa hiyo, yeyote kisiwani aliyerithi gari la namna hii analazimika kuitunza logbuku ya awali, ambayo ni kitabu cha usajili, asiitupe injini iliyotoka nalo kiwandani hata ikiwa imekufa, na asikubali bei ya kwanza ya dalali kabla ya kuzihakiki namba zake. Bei imepanda kwa sababu magari yamekwisha, na yaliyopotea kwenye mizani ya vyuma chakavu hayatarudi.