Likizo ya boti: hesabu saa, si kilomita

Familia inayokodi boti nyembamba kwenye mfereji wa Llangollen, Wales, haihitaji leseni. Huelekezwa kabla ya kuondoka. Mwendo ni takriban kilomita 6 kwa saa, tena kila penye malango ya kupandisha au kushusha boti kuna kusubiri. Hivyo wazazi wapange safari fupi kila siku, maana haraka na uchovu huleta ajali.

Watoto wavae majaketi ya kujiokolea hata boti ikiwa imefungwa, na wasiruke wanaposhuka. Juu ya daraja la maji la Pontcysyllte, mita 38 kutoka chini, upande mmoja hauna uzio: wakae ndani.

Wanawe mikono kabla ya kula. Mkojo wa panya majini unaweza kuleta homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022.