Kichocheo Kilichonidanganya

Mwaka wa mwisho nilichagua mada ya vichocheo nikidhani ni mteremko. Unachoma pumba za mpunga, unapata majivu yenye silika nyingi, unayageuza kuwa unga wenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Nikauloweka kwenye maji ya chumvi ya chuma, nikaukausha, nikauchoma kwa nyuzi 550. Umeme ulikatika mara mbili, tuyaache hayo.

Jaribio lenyewe lilikuwa tamu. Maji yenye rangi ya methilini buluu, peroksaidi kidogo, unga wangu. Nusu saa baadaye maji meupe! Nikawarushia washkaji picha. Dokta akaangalia, akauliza tu: "Ukiuchuja unga katikati ya kazi, rangi inaendelea kupotea?"

Nikachuja. Ikaendelea.

Kumbe chuma kilikuwa kinatoka kwenye vitundu na kuyeyuka, na hicho cha majini ndicho kilichofanya kazi. Tena nilipojaribu bila peroksaidi, rangi bado ilipungua kidogo, maana vitundu vinanyonya. Zilibaki wiki 3. Mwenzangu akaniambia, "Usiandike, nani atajua?" Usiku ule sikulala, na bumu lilishakata.

Niliandika yote, kurasa mbili nzima. Nikapata B.

Dogo aliyerithi meza yangu maabara ameniomba daftari. Nimempa, ukurasa wa kuchuja nimeukunja pembe.