Kuamka Nusu
Si kila aamkaye huamka mzima. Nilikuwa Kalenga, karibu na Iringa, mahali ambapo Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa mwaka 1894, nikimaliza kuisoma tasnifu ya mwanafunzi juu ya masimulizi ya vita hivyo. Ripoti yangu, iliyotakiwa chuoni jioni ile, iliamuru kazi yote iandikwe upya kwa sababu sura moja ilikuwa dhaifu.

Niliifunua kompyuta yangu, itumiayo mfumo wa Linux, iliyokuwa imelala tangu adhuhuri. Kioo kiling'aa na maandishi yalikuwapo, lakini mtandao usio na waya ulikuwa umetoweka. Zamani ningalizima kila kitu na kuanza upya. Safari hii niliisoma kumbukumbu ya mfumo kwa amri ya dmesg, nikaona kuwa kadi ya mtandao peke yake haikuitika mashine ilipoamka. Niliiondoa programu iiendeshayo kadi hiyo kwa amri ya modprobe -r, kisha nikairudisha kwa modprobe. Mtandao ukarejea, wala hapana neno langu lililopotea.

Mkono ulikuwa tayari kuipeleka ripoti, ukasita. Niliifungua tena, nikafuta amri yangu, nikaandika: sura ya nne irekebishwe, nyingine ni nzima.