Asali Imerudi na Basi

Tulitoka Singida kwa basi mpaka KIA, mimi nikimsindikiza dada anayekwenda masomoni Uholanzi. Mabegi mawili, kila moja kilo 23. La pili mama alilijaza asali ya Manyoni na mafuta ya alizeti.

Kaunta wakasema begi moja tu.

“Mbona ndege ya kwenda Nairobi inaruhusu mawili?” dada akabisha.

Wapi! Tiketi ni moja, kampuni mbili zenye ubia. Tangu 2011, utaratibu wa IATA ni kwamba safari ya namna hiyo hufuata sheria ya mizigo ya kampuni moja mwanzo hadi mwisho, kwa kawaida ile inayokuvusha kutoka Afrika kwenda Ulaya. Tena kwenye tiketi iliandikwa “1PC”. Tuliiona, tukadhani ni mambo ya kompyuta tu!

Begi la ziada ni dola, na sisi tulibakiwa na nauli yangu ya kurudia. Kwenye mkoba wa mkononi, tukaambiwa, chupa isizidi mililita 100.

Madaftari ya riwaya yangu, ambayo dada aliahidi kunichapia, yakapita naye. Asali nikarudi nayo, nimeipakata.

Ndugu msomaji, najiita mwandishi, lakini hadi nashuka Singida sikuwa nimepata sentensi ya kumwambia mama.