Afya ya Kijiji ni Kazi ya Nani?

Watu wengi hudhani kwamba afya ni kitu kikaacho hospitalini, kama vile barua zikaavyo posta, na ya kuwa anayeitaka hana budi kufunga safari kwenda kuichukua. Mtu akiwa mzima haifikiri. Akiugua ndipo aanzapo kuulizia gari. Lakini mtu wa kawaida akizihesabu siku zake za mwaka mzima, ataona kwamba alizozitumia hospitalini ni mbili au tatu, na pengine hakuna hata moja. Siku zote nyingine yuko kwake, anakunywa maji ya kisima chake, anakula chakula cha jiko lake, na analala chini ya paa moja na watoto wake. Huko ndiko maradhi yanakomkuta, na huko ndiko yanakoweza kuzuiliwa yangali njiani.

Jambo hili si geni. Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, viongozi wake waliyataja maradhi, pamoja na ujinga na umaskini, kuwa maadui watatu wa taifa. Kisha mwezi wa Septemba, 1978, wajumbe wa nchi nyingi walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao siku hizo ulikuwa katika Umoja wa Kisovieti, wakakubaliana kwamba watu wenyewe wana haki, tena wana wajibu, wa kushiriki katika kupanga na kuendesha mambo ya afya yao. Neno la kuangaliwa hapo ni hilo la wajibu. Haki watu huidai upesi. Wajibu huachiwa jirani.

Wako wasemao kwamba mwanakijiji asiye na elimu ya udaktari hawezi kitu mbele ya maradhi. Watu hao yafaa wakumbushwe habari ya mnyoo wa Guinea. Mtu hunywa maji ya dimbwi yenye vidudu vidogo vilivyobeba watoto wa mnyoo huo, na baada ya muda wa mwaka mmoja hivi mnyoo mrefu hutokeza katika ngozi yake, aghalabu mguuni, kwa maumivu makali. Akiutia mguu majini ili apoe, mnyoo humwaga watoto wake humo, na wanaokunywa baadaye huambukizwa. Maradhi hayo hayakuwa na dawa ya kuyaponya wala chanjo ya kuyakinga. Katika mwaka 1986 yalikadiriwa kuwapata watu kiasi cha milioni tatu na nusu duniani. Mwaka 2023 watu walioonekana nayo hawakufika 20. Wagonjwa wa mwisho walioambukizwa katika nchi ya Kenya walionekana mwaka 1994, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha Kenya kuwa nchi iliyosafika. Ni nini kilichoyashinda? Ni kitambaa cha kuchujia maji, ni mgonjwa kukubali kutokanyaga kisimani, na ni wanakijiji waliopeleka habari mara walipoona mgonjwa. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa kawaida, waliofundishwa na kuaminiwa.

Katika nchi ya Kenya mtu wa namna hiyo leo ana jina rasmi. Anaitwa mhamasishaji wa afya ya jamii. Mwanzo wake ni wa zamani kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Saradidi, upande wa Siaya, walikuwa na wenzao waliofundishwa kutibu malaria humo humo vijijini. Mwaka 2006 serikali ilitoa mpango wa taifa wa huduma za afya za jamii, na kwa miaka mingi kazi hiyo iliendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao bila malipo ya hakika. Mwezi wa Septemba, 2023, mpango ulipanuliwa: wahamasishaji kiasi cha 100,000 walitangazwa kwa nchi nzima, wakapewa mikoba yenye vyombo vya kazi, na ikakubaliwa kwamba kila mmoja apate posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mmoja hukabidhiwa nyumba zipatazo 100 za jirani zake.

Yafaa mwenye nyumba ajue ni nini kilichomo katika mkoba huo, maana wengi huuona ukipita njiani wasijue faida yake. Mna kipimajoto na mizani. Mna chombo cha kupimia shinikizo la damu na kingine cha kupimia sukari katika damu. Mna utepe wenye rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto aliyetimiza miezi sita na asiyefikia miaka mitano. Utepe ukisomeka rangi ya kijani, lishe yake ni nzuri. Ukisoma manjano, yaani mkono uko kati ya sentimita 11 na nusu na 12 na nusu, hatari inakaribia. Ukisoma nyekundu, chini ya hapo, mtoto huyo ana utapiamlo mkali na hana budi kupelekwa kwenye kituo cha afya upesi, hata kama anacheza na kucheka. Mama anaweza kumtazama mtoto wake kila siku asione kwamba anapungua, kwa kuwa jicho huzoea. Utepe hauzoei.

Yako pia maarifa ambayo hayahitaji chombo ila saa ya mkononi. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi miwili hata kumi na mmoja akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hata mitano akipumua mara 40 au zaidi, yamkini ana homa ya mapafu, wala si mafua ya kungojewa yaishe yenyewe. Mtoto anayeharisha huokolewa kwa maji yenye sukari na chumvi kabla ya jambo jingine lolote. Zile pakiti zitolewazo katika zahanati ndizo bora. Zikikosekana, lita moja ya maji safi hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa visirundike, naye hunyweshwa kidogo kidogo huku akiendelea kunyonya. Tena ziko dalili ambazo haziruhusu kungoja mapambazuko: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na kifafa cha homa, aliyelegea asizinduke, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Nyumba inayozijua dalili hizo haihitaji kushauriana usiku kucha; hutafuta gari.

Wala asidhani mtu mzima kwamba mkoba huo ni wa watoto tu. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajapata kupimwa shinikizo la damu hata mara moja. Maradhi hayo hayapigi hodi. Karani hukaa kitini miaka kumi akijiona mzima, na mkulima hudhani kwamba jembe linamtosha kuwa dawa, mpaka siku mmoja wao aangukapo na upande mmoja wa mwili kufa ganzi. Kupimwa huchukua dakika chache. Vivyo hivyo kikohozi kilichopita majuma mawili hakifai kufunikwa kwa dawa ya dukani. Makohozi yapimwe, kwani kifua kikuu hupona kwa dawa zilizomezwa mpaka mwisho, lakini kilichofichwa hupita kutoka kitanda hadi kitanda cha nyumba nzima.

Basi ikiwa maarifa yapo, na mtu yupo, na mkoba upo, mbona bado wako watoto wanaofikishwa hospitalini wakiwa wamechelewa? Jibu mara nyingi liko mlangoni. Mhamasishaji hupiga hodi, akaambiwa mwenye nyumba hayupo, naye yuko. Baba hunung'unika akisema, “Yule ni binti wa jirani, nimemwona akikua, atanifundisha nini?” Mama huogopa kwamba siri ya nyumba yake itafika kisimani kabla ya jua kutua. Hofu hiyo ya pili si ya kudharauliwa. Anayeingia nyumba 100 hujua nani anameza dawa gani, nani ana mimba, na mtoto wa nani ana njaa. Mdomo wake ukiwa mwepesi hata mara moja, milango yote 100 hufungwa, na aliyekuwa na dalili ya hatari hufichwa ndani. Mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini anayemfanya mwenziwe ayafiche naye ana sehemu yake katika lawama.

Kwa hiyo uaminifu ni kazi ya pande mbili. Mhamasishaji na ajifunge kutunza siri kama karani atunzavyo faili iliyopigwa mhuri, na wanakijiji nao wasimlazimishe kutoa habari za watu njiani. Akikosea, ashitakiwe kwa kamati ya afya na kwa msimamizi wake aliyeajiriwa na kaunti, wala asisengenywe sokoni. Na posho yake ikichelewa, jambo ambalo limelalamikiwa mara kadha wa kadha katika kaunti mbalimbali, yafaa wanakijiji ndio waulize barazani kwa adabu na kwa uthabiti. Mtu hawezi kutembelea nyumba 100 huku yake mwenyewe haina unga.

Hapa ndipo penye nafasi kwa kila mtu, hata asiyebeba mkoba. Kamati ya afya hufanywa na watu wa mahali penyewe, na kazi yake ni kukutana na wahamasishaji, kupokea hesabu zao na kuzijadili mbele ya watu. Kamati nyingi hazikosi maneno, hukosa kumbukumbu. Mwenye kujua kuandika akijitolea saa mbili kwa mwezi kuandika lililokubaliwa, nani aliahidi kulifanya, na kwa tarehe gani, atakuwa ameisaidia afya ya kijiji kwa kalamu. Maana neno lililoandikwa huulizwa tena mkutano ujao. Lililosemwa tu hupeperuka. Akiongeza kuzisomea watu hesabu, kwamba nyumba kadha hazina choo na watoto kadha hawajamaliza chanjo, watu watajadili jambo lililo mbele yao, waache kujadili uvumi.

Mkulima naye ana jembe. Kisima kisichojengewa ukingo chaweza kujengewa siku moja ya kazi ya pamoja. Choo cha mjane asiye na mwana chaweza kuchimbwa na vijana wanne, mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko ili uchafu usishukie maji ya kunywa. Karibu na mlango wa choo na kitundikwe kibuyu chenye tundu, na kipande cha sabuni, ili mtu anawe kabla hajashika chakula. Hayo hayangoji fedha za serikali. Mwenye gari au pikipiki anaweza kukubaliana na kamati kwamba ataitwa usiku mama mjamzito anaposhikwa na uchungu, na malipo yapangwe mapema, pasiwe na kupatana bei wakati roho ya mtu imo hatarini. Mwenye afya njema na umri unaokubaliwa anaweza kutoa damu wakati wa ukusanyaji, kwa kuwa damu haitengenezwi kiwandani. Mama anayevuja damu baada ya kuzaa hupona kwa ile iliyokwisha kutolewa na mtu asiyemjua.

Kinababa watajwe peke yao. Katika mikutano mingi ya afya waliokaa ni kinamama, na nje chini ya mti wako wanaume wanaosema hayo ni mambo ya wanawake. Lakini nauli ya kwenda hospitali iko mfukoni mwa nani? Neno la kuuza mbuzi ili mtoto atibiwe hutoka kinywani mwa nani? Mwanamume asiyezijua dalili za hatari ni mlinzi aliyelala na ufunguo mkononi. Na ahudhurie mkutano mmoja tu, aulize maswali yake hata yakiwa magumu, kisha aamue mwenyewe kama yalikuwa mambo ya wanawake.

Asiyejua aanzie wapi na amwulize mzee wa mtaa au muuguzi wa zahanati iliyo karibu mambo matatu: ni nani mhamasishaji wa nyumba zake, ni nani wajumbe wa kamati ya afya, na mkutano ujao ni siku gani. Akiisha kujibiwa, aandike majibu hayo kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya mlango, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo, hata mtoto wa shule, ataweza kuyasoma usiku kwa mwanga wa taa.